Mistari mitatu si kundi la watatu

"Nimeshachora grafu, uhusiano wote umo." Kauli hii haikosekani kila inapoletwa data ya biashara ya dagaa hapa Kigoma ili kufundishia modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, na si kweli. Chukua wachuuzi watatu wa Kibirizi: Asha, Juma na Neema. Pengine wamepakia mzigo kwenye Fuso moja, safari moja. Au ni safari tatu: Asha na Juma, Juma na Neema, Asha na Neema. Ukiunganisha waliopakia pamoja, grafu ni ileile: nodi tatu (vitone, kimoja kwa kila mchuuzi), mistari mitatu (mmoja kwa kila jozi). Sasa Fuso ilale njiani. Kwenye safari ya pamoja wote watatu wamekwama. Kwenye zile tatu, kuna mmoja ambaye wala hayumo. Modeli itajifunzaje tofauti uliyoifuta mwenyewe?

Dawa ni jedwali: kila mchuuzi safu mlalo yake, kila safari safu wima yake, 1 kwa aliyekuwemo, 0 kwa asiyekuwemo. Hiyo ndiyo haipagrafu: grafu ambayo uhusiano mmoja hushika idadi yoyote ya watu, si wawili tu. Mtandao wa neva (modeli yenye tabaka za hesabu zinazofuatana) unapeleka ujumbe kutoka kwa wachuuzi kwenda kwenye safari, kisha unaurudisha. Usikimbilie simpleksi (kundi linalochukuliwa kama umbo lililojazwa, mfano pembetatu): ukijaza pembetatu umekubali kwamba kila jozi ndani yake nayo ni uhusiano halali, na waliokutanishwa na Fuso tu si lazima wakopeshane. Tena, jamani, msijaze kila pembetatu mnayoiona kwenye grafu. Huko ni kutunga safari ambazo hazikuwapo. Isitoshe, watu 20 waliounganishwa wote wana pembetatu 1,140. Ukihesabu vikundi vya kila ukubwa ni 1,048,575, na watu wakizidi kuongezeka kumbukumbu ya kompyuta itajaa kabla ya chai.

"Ongeza tabaka, itaona." Modeli ya grafu ya kawaida haioni. Linganisha pembetatu mbili zilizoachana na duara moja la nodi sita, sifa za nodi zikiwa sawa. Kila nodi ina majirani wawili, hivyo zote hupokea ujumbe uleule, tabaka ziwe 2 au 200. Hesabu mizunguko (njia zinazorudi zilikoanzia), uiingize kama sifa.

"Topolojia ni ramani." Hiyo topografia. Topolojia ni mpangilio wa nani ameungana na nani, bila kujali umbali. Tabora inabaki njiapanda ya reli za Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma hata ukizivuta mara mbili ya urefu wake.

"Topolojia huongeza usahihi." Ipime kwanza. Wahamishe wachuuzi ovyo kati ya safari, idadi ya kila safari na ya safari za kila mtu zikibaki vilevile, kisha fundisha upya. Usahihi usiposhuka, modeli haikuwa inanufaika na kujua nani yuko kundi gani. Rudi kwenye miti ya maamuzi, modeli nyepesi za maswali ya ndiyo au hapana; umeme wenyewe ghali.