Kwa nini usugu wa bakteria wa hospitalini hauondoki kirahisi?

Tukiacha kutumia dawa fulani kwa muda, usugu dhidi yake hautapotea wenyewe?

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Bakteria wengi wa wodini, kama Klebsiella na E. koli, hubeba usugu wao kwenye plasmidi: kipande cha DNA, aghalabu cha mviringo, kilicho kando ya kromosomu na chenye uwezo wa kuhamia kwa bakteria mwingine. Kukibeba kunakula nguvu, kwa hiyo dawa ikikosekana tungetarajia kitupwe. Lakini plasmidi nyingi zina mtego.

Mtego gani?

Jeni mbili zilizopakana. Moja hutengeneza sumu, ya pili kiuasumu chake. Sumu hudumu, kiuasumu hukatwakatwa upesi na vimeng'enya vya seli, kwa hiyo lazima kitengenezwe bila kukoma. Bakteria akigawanyika na mmoja wa watoto akakosa plasmidi, huwa tayari amerithi vyote viwili kutoka kwa mama. Kiuasumu kinamwishia, jeni ya kutengeneza kingine hana, sumu inamuua au kumdumaza. Wanaoendelea kuzaana ni waliobaki na plasmidi, pamoja na usugu wake.

Mwaka 1983 Ogura na Hiraga, watafiti wa Japani, walieleza mfumo wa namna hii uitwao ccd. Sumu yake hushambulia jairesi, kimeng'enya kinachorekebisha msokoto wa DNA, na hicho ndicho kinacholengwa na siprofloksasini, antibiotiki tunayopewa hospitalini.

Nasikia sumu hizi pia huwalaza bakteria ili dawa isiwaguse.

Hapo twende taratibu. Ni kweli wapo bakteria wachache wanaonusurika kwa kupunguza shughuli zao, bila jeni yoyote ya usugu. Joseph Bigger aliwaeleza mwaka 1944 alipoona penisilini ikibakiza stafilokoka wachache hai. Jeni ya sumu iitwayo hipA, ikibadilika kwa namna fulani, huongeza idadi yao. Lakini dai kwamba mifumo hii ya sumu na kiuasumu ndiyo chanzo kikuu cha kunusurika huko lilitikisika: mwaka 2018 makala mbili zilizotegemewa sana zilifutwa, baada ya kubainika kwamba bakteria wa majaribio walikuwa wameingiliwa na virusi vinavyoshambulia bakteria. Kwa maoni yangu, anayelisimulia dai hilo leo kama jambo lililokwisha thibitishwa anawapotosha wasomaji.

Si tuzuie kiuasumu, sumu iwamalize wenyewe?

Wazo hilo linafanyiwa utafiti, ila hakuna dawa ya aina hiyo iliyoidhinishwa. Bakteria mmoja anaweza kuwa na mifumo mingi. Yule wa kifua kikuu ana zaidi ya 80.

Ndugu yangu amelazwa. Nifanye nini?

Nawa mikono kabla na baada ya kumgusa, hata ukimrekebishia shuka tu. Akiwa na mpira wa mkojo au kanula (kijibomba kinachowekwa kwenye mshipa), muulize muuguzi kila siku kama bado inahitajika, maana ni njia ya bakteria hawa kuingia mwilini. Antibiotiki zikibadilishwa, uliza kama damu au mkojo umepelekwa maabara ili kuotesha bakteria waliomo. Na tafadhali, usimletee vidonge ulivyojinunulia duka la dawa.