Kujenga upya safu ya diski: pariti na nakala pacha

RAID ni mfumo wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Diski moja ikifa ndani ya safu ya RAID yenye nakala pacha au pariti, data inabaki salama ila kinga imepungua. Kujenga upya ni kuijaza diski mpya kila kilichokuwa kwenye ile iliyokufa, huku seva ikiendelea kuhudumia watumiaji. Mpaka kazi hiyo iishe, safu iko hatarini. Ndiyo maana kasi yake inastahili kueleweka vizuri.

Kwenye nakala pacha, yaani RAID 1 (jozi moja) na RAID 10 (jozi kadhaa pamoja), kazi ni nyepesi. Kila diski ina pacha mwenye data ileile, kwa hiyo pacha aliyebaki anasomwa mwanzo hadi mwisho na kunakiliwa. Diski nyingine hazihusiki kabisa.

RAID 5 haina nakala, ina pariti, yaani biti ya ziada inayofanya idadi ya tarakimu 1 iwe shufwa. Chukua diski tatu za data zenye biti 1, 0 na 1. Tarakimu 1 ziko mbili, idadi shufwa, basi pariti ni 0. Diski ya pili ikifa, tunabaki na 1, 1 na pariti 0. Ili idadi ya tarakimu 1 ibaki shufwa, biti iliyopotea lazima ilikuwa 0. Hesabu hiyo inarudiwa kwa diski nzima, na haifanyiki bila kusoma diski zote zilizobaki. Safu ya diski 8 za terabaiti 10 kila moja italazimika kusoma terabaiti 70. Nakala pacha ingesoma 10 tu.

Wengi huilaumu hesabu yenyewe, na hapo wanakosea. Prosesa za leo hupiga hesabu hiyo kwa gigabaiti kadhaa kwa sekunde. Isitoshe, diski saba husomwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo safu ikiwa imetulia, kikomo ni kasi ya kuandika kwenye diski mpya. Kwa megabaiti 200 kwa sekunde, terabaiti 10 huchukua karibu saa 14, iwe pariti au pacha.

Tofauti hujitokeza watumiaji wanapoanza kuomba data. Diski ya kuzunguka husoma haraka ikifuata mstari mmoja. Kila ombi huhamisha kichwa chake kwenda kwingine. Kwenye RAID 10 mvutano huo uko kwenye jozi moja tu. Kwenye RAID 5 uko kila mahali, na ombi la data iliyokuwa kwenye diski iliyokufa hulazimisha diski zote saba zisomwe ili lijibiwe. Saa 14 zinaweza kugeuka siku kadhaa. Linux nayo hupunguza kasi ya ujenzi ikiona maombi mengi. Msimamizi anayetaka kuulinda ujenzi hupandisha speed_limit_min, mpangilio wa Linux wa kasi ya chini kabisa ya ujenzi, akikubali watumiaji wasubiri kidogo.

Kusoma kwingi kuna hatari nyingine. Diski nyingi za kawaida huuzwa kwa kiwango cha kosa la kusoma lisilozidi moja kwa kila takriban terabaiti 12.5 zinazosomwa. Nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, lakini RAID 5 iliyokwisha kupoteza diski haina njia ya kurekebisha kosa kama hilo. Kwa diski kubwa mimi ningechagua RAID 6 yenye pariti mbili: haiharakishi ujenzi hata kidogo, ila sekta moja (kipande kidogo cha diski) ikikataa kusomeka, pariti ya pili bado ipo.