Unga wa diatomu dhidi ya mende, kunguni na wadudu wa bustani: maswali na majibu

Unga huu ni nini, na unauaje wadudu?

Ni unga mweupe au wa kijivu hafifu, unaotokana na mwamba uliojengwa na maganda ya diatomu, yaani mwani mdogo sana wa majini wenye ganda la silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga na kioo. Kwa majirani zetu wa Kenya unachimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Mdudu akipita juu yake, unga hufyonza nta inayomhifadhia maji mwilini, naye hukauka polepole, kwa hiyo matokeo huonekana baada ya siku kadhaa. Usiuchanganye na chokaa, ambayo ni kitu kingine na inaweza kuunguza macho na ngozi.

Mbona wengine hapa Tanga wameutumia bila mafanikio?

Mara nyingi kwa sababu ya unyevu. Unga uliolowa haufyonzi nta, na hewa yetu ya pwani, hasa wakati wa masika, huudhoofisha hata ndani ya nyumba. Kosa jingine ni kuumwaga kwa mafungu, kwani mende huyazunguka tu. Unatakiwa utando mwembamba usioonekana kwa urahisi, kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya kabati na kwenye maungio ya kitanda chenye kunguni.

Kwa kuwa ni wa asili, hauna madhara?

Hapa ndipo ninapoomba tuwe makini zaidi, kwa maana neno «asili» limewafanya wengi waunyunyize mbele ya watoto kana kwamba ni unga wa ngano. Vumbi lake hukausha na kuwasha macho, koo na mapafu, na mwenye pumu anaweza kubanwa na kifua. Hatari kubwa zaidi imo katika unga uliochomwa kwa joto kali, ule wa kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea, kwa sababu sehemu ya silika yake imegeuka fuwele; vumbi la aina hiyo, likivutwa kwa muda mrefu, husababisha silikosisi, ugonjwa wa makovu kwenye mapafu usioponyeka, na pia saratani ya mapafu. Basi usinunue unga wa kupimiwa kwenye mfuko usio na lebo. Vaa barakoa inayobana vizuri, watoe watoto chumbani, zima feni, na usiupake juu ya godoro wala matandiko. Ukiingia machoni, suuza kwa maji safi mengi bila kufikicha.

Unafaa kwa mbu?

Hautoshi. Endelea kulala ndani ya chandarua.

Na bustanini?

Unyunyize kuzunguka mashina ya mchicha au bilinganya siku kavu isiyo na upepo, na urudie baada ya mvua. Usiuweke kwenye maua, kwa kuwa hautofautishi kidukari na nyuki.