Springi ya nyundo inafanya kazi mbili, sio moja

Ombi ninalolisikia kuliko yote kwenye meza yangu ya kazi ni hili: fundi nilainishie triga ya bastola. Na mtu akija hivyo mara nyingi kashaamua dawa mwenyewe, toa springi ya nyundo (kile kichuma cha nyuma kinachogonga pini ya kufyatulia ili risasi ilipuke) weka nyepesi, basi. Triga italainika kweli, hasa kwenye bastola ambazo ukivuta triga ndo nyundo inainuka. Shida ni kwamba hiyo springi haipo pale kwa ajili ya kidole chako tu.

Jaribu hivi. Toa magazini, koki slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma), chungulia chemba na uingize kidole uhakikishe hamna risasi, mtutu uelekee sehemu salama. Shusha nyundo polepole kwa kidole gumba halafu vuta slaidi taratibu. Umesikia ule ugumu wa mwanzo mwanzo? Sasa iache nyundo ikiwa imekaa nyuma, vuta tena. Inateleza! Tofauti hiyo uliyoisikia mkononi ndo kazi ya pili, slaidi ikirudi nyuma inabidi iisukume nyundo ilale, na pale mwanzo slaidi inaigusa nyundo karibu na ekseli yake kwahiyo inasukuma kwa shida, wakati springi ya slaidi yenyewe bado haijabanwa sana. Yaani ile nukta bastola inapofyatuka na mtutu bado umefungana na slaidi, ukiacha uzito wa slaidi yenyewe, anayeizuia isikimbie kwa kiasi kikubwa ni springi ya nyundo.

Kwahiyo ukiilegeza, slaidi inafunguka mapema kidogo na inarudi kwa kasi zaidi, maganda yanaruka mbali, fremu inapigwa. Ukizidisha ugumu nao ni balaa lingine, kukoki kunakuwa kazi, na ukitumia risasi dhaifu slaidi haifiki mwisho, ganda linabanwa mlangoni. Bastola ya 1911 ya kawaida ina springi ya nyundo ya paundi 23 na ya slaidi paundi 16, hizo mbili zinasaidiana, ukigusa moja umeigusa na nyingine. Hata umbo la kile kichuma kinachoshika pini ya kufyatulia kwa nyuma lina neno lake, kona ya chini ikiwa kali slaidi inaanza kuisukuma nyundo chini zaidi, ugumu unaongezeka bila kubadilisha springi yoyote. Kwenye bastola ya Beretta 92 wengi wanaweka ile springi ya nyundo ya D, ya paundi 16 badala ya 20, na mi sina ugomvi nayo, kiwanda chenyewe kiliitumia kwenye 92D, toleo ambalo kila ukivuta triga ndo nyundo inainuka. Ninachokataa ni mtu kukata springi kwa plaizi kwa kubahatisha, kisa kaona video.

Halafu ile kazi ya kwanza, kupiga. Okota maganda uangalie praima, kile kidude cha katikati ya kitako cha ganda kinachowasha baruti. Alama nzuri ni shimo lenye kina, la duara. Ukiona kashimo kadogo kama kamechongwa na kucha na risasi haikulipuka, nyundo imepiga kinyonge, na praima za kampuni ya CCI ni ngumu kuliko za kampuni ya Federal kwahiyo bastola inaweza kula boksi moja vizuri na kugomea lingine. (Ikigoma uwanjani usifungue haraka, mtutu ubaki mbele, subiri sekunde 30.)

Ila usikimbilie kuilaumu springi. Jamaa mmoja alikuja na springi mpya ngumu mkononi, anasema risasi tatu kwa kila magazini hazilipuki. Nikatoa pini, tundu lake limejaa oili iliyoganda nyeusi kama lami, pini inatembea kwa kujivuta. Nikasugua kwa brashi na solventi nikaikausha, nikarudisha springi ileile ya zamani, akaenda kupiga magazini nne bila kugoma hata moja. Ile mpya bado anayo kwenye paketi yake.