Kugeuza DVD za Harusi Kuwa Faili: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba programu nzuri itaifanya picha ya DVD iwe ya HD. DVD ya mfumo wa runinga wa PAL, ambao ndio uliotumika Tanzania na Kenya, ina piseli 720 kwa 576 tu, na ambacho kamera haikukinasa siku ile hakiwezi kurudishwa na kompyuta leo. Programu inayojinadi kwamba inageuza DVD kuwa 4K huzitanua piseli zilezile au hukisia za kujazia, faili likanenepa na uso wa bibi harusi ukabaki na ukungu wake, au ukalainishwa kama wa mwanasesere.

Wengine hudhani kunakili na kugeuza ni jambo moja. Ndani ya diski mna folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, ambayo hukatwa kila yanapokaribia GB 1, ndiyo maana sherehe moja hutoka vipandevipande. Kubadilisha jina kutoka .vob kuwa .mp4 hakusaidii kitu, kwa kuwa yaliyomo bado ni MPEG-2, muundo wa video wa DVD. MakeMKV, programu ya kunakili, huhamisha picha na sauti kama zilivyo, bila kuzikandamiza upya. HandBrake, programu ya bure ya kugeuza, huzikandamiza upya, ukapata MP4 ndogo inayokubalika kwenye simu na runinga, lakini ubora fulani hupotea njiani. Anayejali kumbukumbu zake huihifadhi kwanza nakala kamili, kisha kutokana na hiyo hutengeneza ya kuwatumia ndugu.

Kuhusu mistari inayokata picha, mimi mwenyewe nilikosea. Katika DVD ya harusi ya dada yangu, kila mashangazi walipopunga khanga huku vigelegele vikipigwa, kingo za khanga zilitoa mistari kama meno ya kitana, nami nikailaumu diski wiki nzima. Diski haikuwa na kosa. Kamera nyingi za enzi hizo zilirekodi kila fremu kwa nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa, zikipishana kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Runinga ya zamani ilizionyesha kwa zamu, ilhali kompyuta huziweka zote mbili pamoja, na chochote kinachokwenda mbio huonekana kimechanika. HandBrake ina kichujio kiitwacho Decomb cha kurekebisha hali hiyo. Programu ya kugeuza isiyo na kichujio cha namna hii haifai DVD za nyumbani, hata iwe na sura ya kupendeza kiasi gani.

Si kweli pia kwamba ya kulipia ndiyo bora. Kinachouzwa mara nyingi ni uwezo wa kuvunja kufuli za kuzuia kunakili filamu za madukani, na DVD ya harusi kwa kawaida haina kufuli. Cha bure nacho kina tahadhari yake: Mei 2017 mojawapo ya seva za kupakulia HandBrake ilivamiwa, na baadhi ya watumiaji wa Mac wakapata nakala yenye programu hasidi, hivyo inafaa kulinganisha namba ya uhakiki (checksum) ya faili ulilopakua na ile iliyotolewa na watengenezaji wenyewe.

Mwisho, diski yenye mikwaruzo haitibiwi na programu ya kugeuza. Hiyo hupewa kwanza ddrescue, programu ya kuokoa data, ambayo husoma sehemu zilizo nzima kabla ya kurudia zile mbovu, na ikishatoa faili la ISO, yaani nakala ya diski yote, ndipo HandBrake ifunguliwe.