Vishazi vya Kiingereza na aina zake: mahali msemaji wa Kiswahili anapokwama

Mwanafunzi wa shule ya serikali nchini Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza anakuta masomo yake karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza. Shida inayotajwa mara nyingi ni msamiati, na si uongo kwamba msamiati ni mzigo. Hata hivyo, katika kazi za wanafunzi na hata barua za maofisa tunazopitia, sentensi nyingi zinazoharibika huwa zina maneno ambayo mwandishi anayafahamu yote. Kinachoharibika ni namna vishazi vilivyoungana. Zaidi ya hayo, makosa hayo si ya kubahatisha, kwa kuwa yanafuata kanuni, na kanuni zenyewe ni za Kiswahili. Kwa sababu hiyo makala haya yanaeleza vishazi vya Kiingereza kwa kuvitazama kutoka upande wa msomaji ambaye lugha yake ya kwanza, au ya kila siku, ni Kiswahili.

Kishazi ni fungu la maneno lenye kiima na kiarifu, yaani lenye kinachozungumziwa na kile kinachosemwa juu yake, na moyo wa kiarifu ni kitenzi. Fasili hiyo inafaa lugha zote mbili, lakini tofauti hujitokeza tunapouliza viungo hivyo vinakaa wapi. Katika Kiswahili, neno moja kama “nilimwona” linatosha kuwa kishazi kamili, kwa kuwa ndani yake mna mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Kiingereza hakina neno la namna hiyo. Kinadai “I saw him”, maneno matatu yaliyosimama mbalimbali, na ukiondoa kiima au kitenzi kishazi kinabomoka. Ndiyo maana kiima cha Kiingereza hutajwa hata pale ambapo hakimtaji mtu wala kitu, kama katika “It is raining”, na anayeandika “Is raining” amefuata mazoea ya lugha ambayo kiima chake kimo ndani ya kitenzi. Kosa la kinyume chake lina chanzo hicho hicho: katika “Baba yangu anafanya kazi Tanga”, kiambishi “a-” hurudia kiima, na mwanafunzi anayekitafsiri kila kipande hupata “My father he works in Tanga”. Kiingereza sanifu kinataka kiima kimoja tu. Sentensi za kuamrisha, kama “Close the door”, ndizo pekee ambamo kiima huachwa kwa kawaida, kwa kuwa kila mtu anajua anayeambiwa ni nani.

Kirai hakina muundo huo wa kiima na kiarifu. “After the rain” ni kirai; “after the rain stopped” ni kishazi, kwa sababu mvua imepewa kitenzi. Neno “after” linaweza kutangulia vyote viwili, sawa na “before”, “until” na “since”, lakini maneno mengine yamegawana kazi na hayaingiliani: “because”, “although” na “while” hufuatwa na kishazi, ilhali “because of”, “despite” na “during” hufuatwa na nomino au kirai. Anayeandika “despite it was late” amemkosea “despite”, si msamiati.

Mgawanyo wa kwanza wa vishazi ni kati ya kishazi huru, kinachoweza kusimama peke yake kama sentensi, na kishazi tegemezi, kisichoweza. Hapa nina maneno machache tu ya kuongeza, kwa sababu dhana hii inafundishwa vizuri katika sarufi ya Kiswahili na anayejua sentensi ambatano na sentensi changamano ameshaielewa. Vishazi huru viwili huunganishwa kwa viunganishi kama “and”, “but”, “or” na “so”, au hutenganishwa kwa nukta au nuktamkato. Koma peke yake haitoshi. “The bus was late, we walked” huhesabiwa kuwa kosa katika maandishi rasmi ya Kiingereza, ingawa “Basi lilichelewa, tukatembea” ni Kiswahili kizuri, kwa sababu kiambishi “-ka-” kimekwisha kufanya kazi ya kuunganisha. Neno “however” limewadanganya wengi: linafanana kimaana na “but”, lakini kisarufi ni kielezi na si kiunganishi, kwa hiyo huanza baada ya nukta au nuktamkato. Kwa upande wa pili, “Because the road was flooded” ikifungwa kwa nukta inabaki kipande tu, kwani neno “because” limeshaahidi kishazi kingine ambacho hakijaja.

Vishazi tegemezi ndivyo vyenye mambo mengi. Vitabu huvigawa kwa kazi: kishazi nomino hukaa mahali pa nomino, kishazi kivumishi hueleza nomino, na kishazi kielezi hueleza wakati, sababu, sharti, kusudi na mengine ya aina hiyo. Kosa la kawaida la ufundishaji ni kumkaririsha mwanafunzi kwamba neno fulani huanzisha aina fulani ya kishazi, kwa sababu aina haiamuliwi na neno la mwanzo bali na kazi ambayo kishazi kizima kinafanya. Tazama “when” katika sentensi tatu. “When he arrives, we will eat” ina kishazi kielezi kinachotaja wakati wa kula. “I do not know when he will arrive” ina kishazi nomino, kwa kuwa ndicho kitu nisichokijua. “I remember the day when he arrived” ina kishazi kivumishi kinachoeleza siku.

Msomaji makini ataona jambo katika sentensi mbili za mwanzo: zote zinazungumzia kufika kusikotokea bado, lakini ya kwanza ina “arrives” na ya pili ina “will arrive”. Kiingereza hakitumii “will” ya wakati ujao katika kishazi kielezi cha wakati au cha sharti, ila kinaitumia katika kishazi nomino. Vivyo hivyo “If he comes, I will tell him” ni sahihi, na “I do not know if he will come” ni sahihi pia. Mwanafunzi asiyeweza kutofautisha aina za vishazi hana njia ya kuelewa kwa nini mwalimu anafuta “will” mahali pamoja na kuiacha pengine, na mara nyingi anaambiwa tu kwamba Kiingereza kina mambo yake. Kiswahili humpeleka upande wa kosa kwa sababu “atakapofika” imebeba wakati ujao ndani yake, naye huandika “when he will arrive”. Cha ajabu ni kwamba Kiswahili hicho hicho kina njia inayolingana na ya Kiingereza. “Mvua ikinyesha, tutabaki nyumbani” haina alama ya wakati ujao katika kishazi cha kwanza, kama vile “If it rains, we will stay at home” isivyokuwa nayo. Anayejizoeza kufikiria kwa “-ki-” badala ya “-takapo-” ataikwepa “will” isiyohitajika, mradi akumbuke kwamba “baba akija” inaweza kuwa “if” au “when”, na Kiingereza kinamlazimisha kuchagua.

Masharti yasiyotimia yana mtego wake. Kiswahili hurudia alama ileile pande zote mbili: “Ningejua, nisingekuja”. Kiingereza hakirudii. Kishazi cha sharti hurudi nyuma kiwakati na kishazi kikuu, yaani kile ambacho kishazi tegemezi hukitegemea, ndicho hubeba “would”: “If I had known, I would not have come”. Ile “If I would have known” tunayoisahihisha kila mara husikika pia katika mazungumzo ya Wamarekani, lakini maandishi rasmi hayaikubali. Urudiaji wa namna hiyo umo pia katika “Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja”, sentensi inayosikika kila siku kwetu. Kiingereza huchagua “although” au “but”, kamwe si vyote viwili, kwa sababu “although” imefanya kishazi chake kuwa tegemezi na “but” inadai vishazi viwili vyenye hadhi sawa.

Katika kishazi nomino, kosa linaloongoza ni la mpangilio wa maneno. “Anaishi wapi?” na “Sijui anaishi wapi” zina mpangilio uleule, kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushuku kwamba swali likimezwa na sentensi nyingine litabadilika. Kiingereza hubadilisha: “Where does he live?” inakuwa “I do not know where he lives”. Kitenzi kisaidizi “does” kinatoka, na kiima kinarudi mbele ya kitenzi. “I don't know what is his name” ni kosa la wasomi na wasio wasomi vilevile, na kanuni ya kuliondoa ni kwamba kishazi nomino si swali tena, hata kama kinaanza kwa neno la kuulizia.

Kishazi kivumishi, tunachokijua zaidi kwa jina la kishazi kirejeshi, ndicho kinachonishughulisha kuliko vyote. Kiswahili huingiza urejeshi ndani ya kitenzi, “aliyekuja”, au hutumia “amba-”, na Kiingereza hutumia “who”, “whom”, “whose”, “which” na “that” mwanzoni mwa kishazi. Tatizo la kwanza linatokana na kiambishi cha mtendwa. Tunasema “mwalimu niliyemwona”, ambapo “-ye-” na “-mw-” vyote vinamrudia mwalimu. Kwa Kiingereza, neno “whom” limeshamtaja, na kuandika “the teacher whom I saw him” ni kumtaja mara mbili. Tatizo la pili ni vihusishi, maneno kama “with” na “in”. “Kisu ninachokatia nyama” kimebeba maana ya ala katika mnyambuliko “-ia”, na kwa kuwa hakuna neno la pekee linaloonekana, mwanafunzi huandika “the knife which I cut meat” na kuliacha “with” nje. Ni hivyohivyo kwa “nyumba niliyozaliwa”, ambayo kwa Kiingereza ni “the house in which I was born”, au “the house where I was born”. Ukitumia “which”, kihusishi hakisameheki.

Tatizo la tatu humpata msomaji zaidi kuliko mwandishi. Kiingereza kinaweza kuficha kirejeshi kabisa: “The fish we bought yesterday has gone bad”. Aliyezoea kuona alama ya urejeshi katika kila kishazi cha aina hii hukuta “the fish” na “we” zimekaa bega kwa bega, akaanza kusoma upya. Uhuru huo una mpaka. Kirejeshi huachwa tu kisipokuwa kiima cha kishazi chake; “The man came yesterday is my uncle” si sahihi, kwa kuwa “who” ingekuwa kiima cha “came”.

Halafu kuna koma. “My brother who lives in Mwanza is a doctor” inamtofautisha kaka huyo na kaka wengine. “My brother, who lives in Mwanza, is a doctor” haimtofautishi na yeyote. Inaongeza habari tu, na msomaji wa kawaida ataelewa kwamba kaka ni mmoja. Katika aina ya pili, neno “that” halitumiki badala ya “who” au “which”. Kwa mtu anayesaini mkataba wa pango au wa ajira ulioandikwa kwa Kiingereza, koma hizo si pambo.

Vipo vishazi ambavyo kitenzi chake hakionyeshi wakati wala nafsi, na baadhi ya walimu hukataa hata kuviita vishazi. Mimi naviita hivyo, kwa sababu vina tendo na mtendaji anayeeleweka, ila mtendaji huyo hutafutwa katika kishazi kikuu. “Walking home, I was caught by the rain” ni sawa. “Walking home, the rain began” inasema kwamba mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea. Kwa Kiswahili “Nikitembea kwenda nyumbani, mvua ilianza” haina dosari ya namna hiyo, kwani “ni-” imekwisha kumtaja mtembeaji, na hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Mfano mmoja wa sentensi ndefu utaonyesha jinsi ujuzi huu unavyotumika nje ya darasa. Ibara ya 2(4) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema: “Any law, including customary law, that is inconsistent with this Constitution is void to the extent of the inconsistency, and any act or omission in contravention of this Constitution is invalid.” Anza na vitenzi vyenye wakati, ambavyo ni “is” tatu, kwa hiyo vishazi vyenye wakati ni vitatu. Ile “is” ya kwanza iko chini ya “that”, hivyo kishazi chake ni tegemezi na kinaeleza “law”. Mbili zilizobaki ni za vishazi huru vilivyounganishwa kwa “and”: sheria fulani ni batili, na kitendo fulani au kuacha kutenda ni batili. Sasa ondoa kishazi tegemezi. Kinachobaki katika nusu ya kwanza ni kwamba sheria yoyote ni batili, jambo ambalo hakuna katiba inayoweza kulisema. Kishazi hicho basi ndicho kinachoweka mpaka wa kanuni nzima. Na koma iliyo mbele ya “that” isimchanganye mtu aliyekwisha kusoma habari ya kaka wa Mwanza, kwa kuwa haikianzishi kishazi kirejeshi bali inafunga maneno “including customary law”, yaliyochomekwa kati ya nomino na kishazi chake.