"Sisikii baridi, mwanangu": dhana potofu kuhusu wazee na msimu wa baridi

Muulize mzee kama anasikia baridi. Jibu huja upesi: "Hapana, niko sawa." Mara nyingi hakudanganyi, hasikii kweli, na shida inaanzia hapo. Dhana nyingi tulizonazo kuhusu wazee na baridi zimesimama juu ya imani moja, kwamba mwili ukizidiwa utatoa taarifa. Mwili wa kijana hutoa. Wa mzee hukawia, au hutoa taarifa ambayo hatuitambui.

"Angekuwa na baridi angesema"

Umri ukisogea, ngozi hupoteza wepesi wa kutambua mabadiliko ya joto. Mafuta yaliyo chini yake hupungua, na misuli ambayo ndiyo tanuri la mwili hupungua pia. Mishipa midogo ya damu haijikazi haraka kama zamani kuzuia joto lisitoke, na hata kutetemeka kwenyewe huwa hafifu. Mtu akiwa na kisukari, au tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inayofanya kazi kwa ulegevu, au anatumia dawa za usingizi, hali huwa mbaya zaidi.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, hiyo ni haipothemia, na ni dharura. Wengi wakisikia neno hilo humfikiria mtu aliyepotea kwenye theluji. Mzee anaweza kuipata akiwa ameketi kwenye kiti chake sebuleni, katika chumba cha nyuzi 16 au 17 ambacho mjukuu wake anakaa humo na fulana bila tabu. Mwongozo wa nyumba na afya uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 unataja nyuzi 18 kuwa kiwango salama ndani ya nyumba wakati wa baridi, na unakiri kwamba wazee wanaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo kipimajoto cha ukutani, kinachosomeka kwa mbali, kina faida kuliko kumuuliza mara kumi kwa siku.

Mtazame kuliko kumuuliza. Ulimi kuwa mzito, vidole kushindwa na vifungo vya shati alivyovifunga miaka yote, kujikwaa, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuongea mambo yasiyounganika. Gusa ngozi ya tumbo chini ya nguo. Ikiwa ya baridi, usisubiri. Na mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla bila kupata joto, hajapata nafuu, amezidiwa.

Hapo ita msaada wa dharura. Wakati mnasubiri, mvue nguo zilizolowa, mfunike mablanketi, na uanze kupasha joto kifua na tumbo. Usimsugue mikono na miguu, wala usimtie kwenye maji ya moto. Kinywaji cha uvuguvugu ni sawa ikiwa yuko macho na anameza vizuri. Pombe hapana: ule moto unaosikika baada ya glasi moja ni damu iliyokimbilia kwenye ngozi, na joto linatoka nayo nje.

"Hana homa, basi si mgonjwa"

Dhana hii naiogopa kuliko zote. Tumezoea kwamba maambukizi huja na joto kali, na kwa mtoto hivyo ndivyo ilivyo. Lakini mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa, pengine hata bila kikohozi cha kushtua. Kinachoonekana kwanza ni kuchanganyikiwa, kuanguka, kukataa chakula, au kupumua haraka akiwa amekaa tu. Sisi tunatazama na kusema, "Uzee huo." Uzee hauingii kwa siku mbili. Mabadiliko ya ghafla ya akili ni ugonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Joto la kawaida la wazee wengi pia liko chini kidogo kuliko la vijana, kwa hiyo kipimo kinachoonekana kidogo kwako kinaweza kuwa kikubwa kwake. Mpime siku kadhaa akiwa mzima, uandike. Likipanda nyuzi 1 hivi juu ya kawaida yake, lichukulie kwa uzito. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeficha si mzee, ni mwili wenyewe.

"Chanjo ya mafua ndiyo iliyompa mafua"

Chanjo ya sindano ya mafua makali, influenza, ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu. Haiwezi kumwambukiza mtu. Mkono kuuma na uchovu wa siku moja au mbili ni kinga inayojifunza kazi. Tatizo ni kwamba kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, na anayepata virusi katikati ya muda huo hulaumu sindano. Tena msimu wa baridi una virusi vingine vingi vya mafua ya kawaida ambavyo chanjo hii haivihusu.

"Si alichanjwa mwaka jana?" Virusi vya influenza hubadilika na kinga hufifia, ndiyo maana hurudiwa kila mwaka. Baadhi ya nchi zina chanjo iliyoongezewa nguvu kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Ulizia pia ya vimelea vya nyumokokasi vinavyoleta nimonia, kwani hiyo ni chanjo tofauti. Antibiotiki zilizobaki kabatini si mbadala wa chanjo ya mafua: haziui virusi.

"Makaa yakishaiva hayana madhara"

Yana madhara. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hata kidogo huendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hapa hata pua ya kijana haisaidii. Huanza na kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi, na mzee aliyelala hakuna anayemshangaa. Jiko la mkaa halilali chumbani, hata dirisha likiachwa wazi kidogo.

"Baridi yabisi huletwa na baridi"

Jina lenyewe limetuponza. Ugonjwa wa viungo hutokana na kulika kwa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye viungo, au kinga ya mwili kushambulia viungo vyake, baridi haiuanzishi. Kwamba maumivu huzidi siku za baridi, wagonjwa wengi wanasema hivyo, na sina sababu ya kubishana nao. Ubaya ni uamuzi unaofuata: mzee anawekwa kitandani msimu mzima. Misuli yake hunyauka haraka, na akisimama tena huanguka. Kuinuka kwenye kiti na kukaa mara kadhaa, kutembea ndani, kusimama ameshika meza akizoeza usawa wa mwili, vyote hivyo pia huzalisha joto.

"Siku za baridi maji si lazima"

Kiu hupungua kwa umri, na baridi huipunguza tena. Wengine huacha kunywa makusudi, wakikwepa safari ya usiku ya chooni. Maji yahamishiwe asubuhi na mchana, yasifutwe.

"Dawa ya mafua ni dawa ndogo tu"

Baridi hubana mishipa na kupandisha presha. Ndiyo maana mishtuko ya moyo na viharusi huongezeka msimu huu. Sasa juu ya presha hiyo anaongezewa kidonge cha kuzibua pua, na vingi vya aina hiyo hubana mishipa vilevile. Dawa za maumivu kama ibuprofeni nazo zinaweza kuumiza figo na kupandisha presha. Ukienda kumnunulia, beba dawa zake zote kwenye mfuko na umwekee mfamasia kaunta kabla hujataja mafua.